Hester na Mashati ya Jaji

Saa nne kasorobo asubuhi Mama Ombeni aliitwa ndani, na mlango wa Profesa Pettiford ukafungwa taratibu nyuma yake. Jerotich alibaki kwenye benchi la korido, mikono kaibana katikati ya magoti, anatazama ubao wa matangazo bila kusoma hata tangazo moja. Yeye hakuitwa. Jina lake halikuwamo kwenye barua. Angeweza kabisa kuwa amelala kwake wakati huo, shuka hadi kidevuni, maana katika mkasa huu wote yeye ndiye pekee aliyeonekana hana kosa, na yeye ndiye pekee aliyejua kosa lilikotoka.

Kosa lenyewe lilikuwa na jina la mwanamke: Hester Mayfield.

Msimcheke Jerotich haraka, maana yaliyomkuta yangemkuta yeyote aliyesoma kwetu. Yeye, Mama Ombeni na Cosmas, watatu hao, walikuwa wanasomea kuingia uuguzi katika chuo kimoja pale Annandale, Virginia, na kabla ya kuruhusiwa kushika sindano walitakiwa kupita somo la historia ya Marekani ya karne ya kumi na tisa. Muhula huu lilikuwa juu ya reli. Kwa nini muuguzi ajue reli mbili zilikutania wapi mwaka 1869, hilo waulizwe waliopanga. Profesa alitoa maswali ya mtihani wiki moja kabla, akawapa na karatasi ya kutia saini: kila mwanafunzi atajiandaa peke yake, na siku ya mtihani ataandika kwa mkono, bila simu wala daftari. Wakasaini wote. Jumamosi yake wakakutana mezani kwa Mama Ombeni kusoma pamoja, kama Jumamosi zote.

Wala haikuwa jeuri. Hilo neno "peke yake" walilipokea kwa namna ya kwao. Kwenye chumba cha mtihani, naam, kila mtu na karatasi yake, hata kuchungulia hakuna. Lakini kusoma? Mtu anayejifungia chumbani na daftari lake, wenzake wakihangaika sebuleni, huyo kwetu anaitwa mchoyo na hakuna atakayempa hata chumvi. Cosmas, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu, alikuja na mkate. Mama Ombeni, ambaye kwenye orodha ya chuo ni Euphrasia Rwegasira, mwanamke wa Bukoba mwenye miaka arobaini na tisa, alichemsha chai. Na Jerotich alileta kichwa chake.

Maana Jerotich alikuwa mwalimu. Miaka sita alifundisha shule ya msingi karibu na Kapsabet, darasa la watoto sabini na kitabu kimoja kwa watoto watano, na huko ndiko alikojifunza kwamba tarehe haikai kichwani mwa mtu mpaka uipe mtu wa kuibeba. Kila somo alilipa mtu. Vita vilipata askari mwenye kiatu kimoja, njaa ikapata bibi mwenye mbuzi. Watoto wake walijua fika kwamba hao ni watu wa Mwalimu, na mtihani ulipofika hakuna aliyewaandika. Hakuwahi kuwaeleza, kwa sababu haikuwahi kuhitajika.

Swali la pili liliuliza jinsi reli ilivyobadilisha maisha ya watu baada ya utumwa kuondolewa. Kitabu kilijibu kwa aya moja kavu kama taarifa ya hali ya hewa: kampuni za reli zilitenga behewa la mabibi, wanawake weusi walionunua tiketi za behewa hilo waliambiwa wahamie lile la wavuta sigara, wengine waligoma, wengine wakaenda mahakamani, na kabla karne haijaisha majimbo ya kusini yakatunga sheria za kutenganisha mabehewa. Mama Ombeni aliisoma mara tano. Alikuwa ametoka zamu ya kugeuza wazee vitandani kwenye nyumba ya kulea wazee, macho mekundu.

"Mwalimu, haviingii," akasema. "Vinagonga hapa kwenye paji la uso, vinarudi."

Basi Jerotich akaweka kikombe chini, akampa Hester. Dobi wa Virginia, mwaka 1881, mjane, mikono imebabuka kwa sabuni. Amefua mashati kumi na mawili ya jaji wa mji wa pili, kayapiga pasi, kayapanga kwenye kikapu, na safari hii moja tu kanunua tiketi ya behewa la mabibi ili mashati yasinuke moshi. Kondakta anamwambia atoke. Hester anashika kiti. Wanaume wawili wanambandua kidole kimoja kimoja, wanamshusha kwenye kituo ambacho hata hakijui, na treni inaondoka na kikapu. Mashati ya jaji yakaenda na behewa la mabibi, aliyeyafua akabaki kando ya reli. Akashtaki. Jaji aliyesikiliza kesi alikuwa kavaa moja ya mashati hayo.

Mama Ombeni alilia machozi. Cosmas akasema, "Dah, hao jamaa!" na tangu siku ile hawakusahau tena, si sheria wala mwaka.

Siku ya mtihani wawili hao walimwandika Hester, kila mmoja kwa mwandiko wake, na mashati yote kumi na mawili. Jerotich hakumwandika. Kwa nini amwandike? Alijua Hester anakaa wapi: mezani kwa Mama Ombeni, kati ya chupa ya chai na mkate wa Cosmas.

Barua pepe ya Profesa ilikuja baada ya wiki tatu, kwa wawili tu. Mtu huyu hayumo katika nyaraka zozote, iliandika. Programu za akili mnemba hubuni watu wa namna hii, na majibu mawili yenye mtu yuleyule asiyekuwepo yanaonyesha kwamba simu ilitumika katika chumba cha mtihani. Waje mmoja mmoja, Alhamisi. Wakipatikana na hatia, adhabu ni kufukuzwa chuo.

Jumatano jioni Cosmas aliwakusanya ndani ya gari lake, kwenye maegesho, vioo vimepandishwa.

"Tunasema tulisoma kwenye kitabu cha maktaba, jina tumelisahau," akasema. "Basi. Hapo hapo tunakomea."

"Lakini ni mimi niliyewaambia," Jerotich akasema. "Nilidhani mnajua. Nilidhani kila mtu anajua. I'll just explain, Cosmas, naenda na-explain kila kitu."

"Wewe hukuwepo," Mama Ombeni akamkata.

"Mama Ombeni..."

"Hukuwepo, mdogo wangu. Sisi tuna makaratasi ya kuishi hapa. Tukifukuzwa tutarudi nyumbani kwetu hapo ghorofani tunywe maji. Wewe ukifukuzwa viza ya mwanafunzi imekufa, unapandishwa ndege. Umeelewa? Hukuwepo."

Jerotich alinyamaza, na hilo ndilo lililomtafuna usiku kucha. Alinyamaza kwa sababu ni kweli. Alikuwa hapa kwa karatasi moja tu, na karatasi hiyo ilishikwa na chuo hiki. Lakini alijua pia kwamba Mama Ombeni alikuwa amedanganya kwenye jambo la maji. Nafasi yake ya uuguzi ilikuwa ya Agosti, aliipata baada ya kuomba mara tatu, na mwanamke wa miaka arobaini na tisa aliyeandikiwa kwenye rekodi kwamba aliiba mtihani hapati ya nne. Huyo ndiye aliyekuwa anajitoa kafara kwa ajili yake, kwa kosa lake yeye, huku anampigia hesabu za viza.

Sasa alikuwa kwenye benchi, Cosmas akingoja zamu yake nje garini, na mlango haukuwa mnene.

"Kitabu gani?" ilisikika sauti ya Profesa. Ilikuwa sauti ya chini, laini, ile inayotisha kuliko kelele.

Kikajibu Kiingereza cha Mama Ombeni, kinachopapasa njia: "It is a book of the library."

"Kinaitwaje, Bi. Rwegasira?"

"It was green."

Wakati mwingine Jerotich angecheka. Sasa alisogea ukingoni mwa benchi.

"Maktaba yetu ina vitabu vingi vya kijani. Simu yako ilikuwa wapi siku ya mtihani?"

"In my bag, Professor. I swear by God."

"Basi nieleze Hester Mayfield ametoka wapi. Nimekuuliza mara mbili. Nikiuliza ya tatu usiponijibu, nitaandika kwamba umekataa kujibu, na faili litaondoka kwenye mikono yangu."

Jerotich alimjua Mama Ombeni. Alijua kwamba sasa hivi amekaza meno na anatazama mapaja yake, na kwamba hatafungua kinywa hata akichomwa. Mwanamke huyu atakaa pale kama jiwe na kupoteza kila kitu. Jerotich akasimama. Akapiga moyo konde, akagonga mara moja, na hakungoja kukaribishwa.

"Ni mimi," akasema. "Hester ni wangu."

Profesa Pettiford aliinua macho. Alikuwa mwanamke mweusi wa miaka sitini na kitu, nywele fupi za mvi, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Mbele yake kulikuwa na karatasi mbili za mtihani na fomu moja ndefu.

"Mwalimu, toka!" Mama Ombeni akafoka kwa Kiswahili. "Si nimekwambia hukuwepo? Toka, nakuomba, toka!"

"Anasema nini?" Profesa akauliza.

"Anasema nitoke."

"Na wewe unasema?"

Jerotich akasema yote akiwa amesimama. Jumamosi, meza, chai, darasa la watoto sabini, askari mwenye kiatu kimoja. Alisema kwamba walisaini karatasi na wakasoma pamoja, na kwamba hakuna simu iliyotoka kwenye mkoba. Alisema kwamba alimtunga Hester kwa dakika kumi ili rafiki yake akumbuke aya moja, na kwamba hakuwaambia ni wa kutunga. Alipomaliza, Mama Ombeni alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Profesa alifungua droo, akatoa karatasi ya tatu, akaipitia.

"Wewe umepata tisini na mbili," akasema. "Hester hayumo humu."

"Kwa sababu najua hayupo."

"Au kwa sababu hukutumia mashine, na wenzako walitumia, na sasa umekuja kuwabebea mzigo kwa kuwa mna umoja wenu. Nimefundisha miaka thelathini na moja, Bi. Jerotich. Kila mwaka kuna rafiki mwema anayegonga mlango huu. Una maandishi? Daftari? Ujumbe wowote?"

"Hapana. Nilisema tu, kwa mdomo. Na hata hivyo nilisema kwa Kiswahili."

"Basi hakuna ushahidi."

Akavaa miwani na kuivuta ile fomu. Jerotich aliiona kalamu ikifunguliwa, akaona mistari mitupu inayongoja majina, na sasa alikuwa amejitia kitanzi bila hata kumtoa mwenzake.

"Nijaribu," akasema.

"Nini?"

"Nipe kitu cha karne ile. Chochote cha reli. Nitakupa mtu wake sasa hivi, hapa." Akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza, akaisukuma mbali. "Mashine yenyewe hiyo."

Profesa alimtazama kwa muda. Haikuonekana kama anapenda alichoombwa. Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu akishaambiwa nijaribu, hawezi kujizuia.

"Tarehe kumi na nane Novemba, mwaka 1883," akasema. "Keti."

Jerotich akaketi. Siku hiyo aliijua kutoka kitabuni: kabla yake kila mji ulikuwa na saa yake, saa sita ikiwa pale jua linapofika utosini, na kampuni za reli zikachoka kuchanganya ratiba, zikaigawa nchi vipande na kuamrisha saa moja kwa kila kipande. Hazikumuuliza mtu. Miji mingine saa zilirudishwa nyuma, saa sita ikalia mara mbili siku moja. Mtu aliyekulia katika lugha inayohesabu saa tangu jua lichomoze hapati taabu kuelewa hasira ya miji ile. Lakini hayo yalikuwa ya kitabu, na kitabu hakikuombwa. Akafumba macho kidogo, akamtafuta mtu.

"Ilikuwa Jumapili," akaanza. "Ohio. Mji mdogo, kanisa moja, kengele moja. Mpiga kengele anaitwa Silas Petway, ana mguu mmoja mfupi, kwa hiyo akivuta kamba anaruka kidogo."

Kiingereza chake, ambacho siku zote hutembea na mkongojo, kilikuwa kimeanza kunyooka.

"Siku hiyo mke wake, Ruthanne, ana uchungu tangu alfajiri. Ni mtoto wao wa tano, na wanne wa kwanza hawakuishi. Silas anasimama kanisani, sikio moja liko kengeleni, jingine nyumbani. Jua linafika utosini. Anapiga saa sita, mara kumi na mbili, halafu anakimbia na mguu wake huo. Dakika kumi baadaye mtoto anatoka. Msichana. Analia kwa sauti kubwa. Silas anapiga magoti kando ya kitanda, na hapo mlango unagongwa. Ni mkuu wa kituo cha reli, ana saa mkononi. Anasema, Petway, rudi kanisani. Telegrafu imesema ile haikuwa saa sita. Saa sita ni sasa hivi, nusu saa kasoro dakika mbili baada ya ile yako. Piga tena."

Mama Ombeni alikuwa ameteremsha viganja usoni. Profesa alikuwa hajagusa kalamu.

"Silas anakwenda anapiga tena. Mji mzima unatoka nje, unauliza amelewa? Anarudi nyumbani anafungua Biblia, pale mbele wanapoandika waliozaliwa. Wale wanne wa kwanza wako pale, na saa zao, na msalaba kila mmoja. Anachovya kalamu. Sasa aandike nini? Kwa kengele ya kwanza mtoto alizaliwa saa sita na dakika kumi. Kwa kengele ya reli amezaliwa saa sita haijafika, bado dakika kumi na nane. Mkuu wa kituo amesimama mlangoni, anamwambia, andika saa ya kampuni, Petway, hiyo nyingine haipo tena. Na Ruthanne kitandani, mtoto kifuani, anasema, jua ndilo lililomwona. Ukimwandika kwa saa ya watu wasiomjua, huyu naye hatakaa. Silas anamtazama mke wake. Anamtazama yule mwenye saa. Wino unadondoka."

Jerotich akakomea hapo. Hakujua bado Silas atafanya nini.

"Akaandika ipi?" Profesa akauliza.

Profesa alikuwa ameegemea mbele, viwiko mezani. Polepole uso wake ukabadilika, kwa kuwa alikuwa amejisikia akiuliza. Akarudi nyuma kwenye kiti, akavua miwani, akaiacha ianguke kifuani.

"Nakuamini," akasema. "Hakuna mashine hapa."

"Asante, Profesa."

"Usinishukuru. Umeona ulichonifanya? Nimekuuliza habari za mtu ambaye najua hakuwepo. Nilikuwa nimekaa hapa, najua, na nikauliza." Akaigusa karatasi ya Mama Ombeni kwa kidole. "Huyu sikujua."

Jerotich hakuelewa. Profesa alitazama dirishani, na sauti yake iliporudi haikuwa tena ya kutisha. Ilikuwa imechoka.

"Mnadhani nilianza kwa kuwashuku. Nilianza kwa kumwamini. Nimetafuta wanawake hawa maisha yangu yote ya kazi, walioshushwa kwenye mabehewa wakiwa na tiketi mkononi. Si waliokuwa na mawakili na majina makubwa. Madobi, wapishi, yaya. Ninao kumi na wanne. Kumi na wanne kwa miaka thelathini na moja, kila mmoja na karatasi yake, jina, tarehe na kituo. Nikasoma kwa Bi. Rwegasira mashati ya jaji, nikasema, hili halitungwi. Huyu ni wa kumi na tano. Nikamtafuta siku kumi na moja. Kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, halafu nikaenda Richmond, nikakaa kwenye mafaili ya mahakama mpaka wakazima taa. Nilimtafuta hata kwenye orodha za madobi."

"Samahani," Jerotich akasema, na neno lilikuwa dogo mno.

"Unajua wasiotaka kusikia habari za wale kumi na wanne wanasema nini? Wanasema tumewatunga. Kila mwaka kuna mmoja ananiandikia barua kuniambia hivyo. Sasa, darasani kwangu, mmoja kweli katungwa."

Hapo ndipo aibu ilipomshika Jerotich sawasawa. Mpaka dakika ile alikuwa anaogopa ndege na viza na fomu, hofu ya mtu anayejitetea. Hii ilikuwa nyingine. Aliona vidole vya Hester vikibanduliwa kimoja kimoja kwenye kiti, akajua kwamba kulikuwa na vidole vya kweli, vya mtu aliyekuwa na mama na jina, na kwamba yeye amemweka wa kutungwa mahali pake. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Kosa langu si kumtunga," akasema. "Ni kutosema. Nilidhani wanajua. Nilipaswa kusema."

"Ndiyo," Profesa akasema. "Ulipaswa kusema."

Akaikunja ile fomu ndefu mara mbili na kuitia kwenye kapu la taka. Akachukua karatasi nyeupe.

"Karatasi ya kujiandaa peke yenu mliisaini, na mkaivunja wote watatu. Mtihani huu ni sifuri kwenu nyote, na sifuri hiyo inatosha kuwaangusha somo zima. Mtalirudia kiangazi, na mkilipita, nafasi za Agosti hazijafungwa. Hakuna kufukuzwa, hakuna ripoti. Mwambieni na huyo bwana aliyeko nje asinipotezee muda kwa kitabu cha kijani." Akamsogezea Jerotich karatasi. "Na wewe utaandika hapa, kwa mkono wako, kwamba Hester Mayfield hakuwahi kuishi. Utie saini. Jumanne nitawasomea wanafunzi wote, kwa sababu niliwaambia habari zake. Sikuweza kujizuia."

Jerotich alishika kalamu. Ilikuwa sentensi moja, na miaka ile ya ualimu hata barua kwa wazazi wa watoto waliofariki hazikumwia ngumu hivi. Aliandika kwamba Hester Mayfield hakuwahi kuishi. Akaandika kwamba alimtunga yeye, Jerotich, katika nyumba moja huku Annandale, kwa kuwa aya ile ya kitabu haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Hilo la pili hakuambiwa aliandike. Profesa alilisoma, na hakulifuta.

Nje, kwenye korido, walitembea hatua kama kumi. Halafu Mama Ombeni akasimama, akamshika Jerotich mabega yote mawili.

"Tumefeli?"

"Tumefeli, Mama Ombeni."

"Wote watatu?"

"Wote. Sifuri."

"Tumefeli tu? Basi?"

"Basi."

Mama Ombeni akatoa kicheko kikubwa hata mtu mmoja akachungulia kutoka ofisi ya pili. Akamkumbatia Jerotich, akamtikisa, akamwita mjinga, akamwita mwanangu, akasema kwamba hajawahi kuona watu wanaofurahia sifuri tangu azaliwe. "Lakini ulivyomdanganya yule mama!" akasema, anajifuta macho. "Eti Hester hayupo! Mimi mwenyewe nusura niamini. Ulijikaza kisabuni, Mwalimu."

Jerotich akamtazama. "Sikumdanganya."

"Si ulisema hivyo ili kutuokoa?"

"Hayupo, Mama Ombeni. Nilimtunga. Pale mezani, ukinitazama."

Kicheko kikaondoka usoni mwa Mama Ombeni kidogo kidogo. Akaegemea ukuta. Akafungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu.

"Mimi nilimwombea misa," akasema.

"Misa?"

"Kwaresima. Ile misa yetu ya Kiswahili. Mjane, hana mtu, kafa na haki yake haijatimia, nikasema huyu nani amemwombea tangu afe? Nikamwandika kwenye bahasha ya nia za misa. Padri alimtaja kwa jina, Jerotich. Marehemu Hester Mayfield. Kanisa zima likaitikia."

Jerotich alitaka sakafu ifunguke. Kuna watu wameketi Jumapili asubuhi, na makoti yao na watoto wao, wakamwombea pumziko la milele mtu aliyezaliwa kati ya chupa ya chai na mkate, na hakuna hata mmoja aliyetajiwa jina la aliyekuwepo.

Midomo ya Mama Ombeni ilicheza kidogo kama anahesabu.

"Yule mama alisema anao wangapi?" akauliza mwishoni. "Wale wa kweli."

"Kumi na wanne."

"Na majina anayo?"

"Anayo. Majina, tarehe, kila kitu."

"Basi rudi ndani ukamwombe," Mama Ombeni akasema, na akaanza kutafuta kalamu kwenye mkoba. "Wote. Nitawaandika kwenye bahasha."

Jerotich akageuka, akarudi hatua zile kumi, akabisha hodi, na safari hii akangoja aambiwe aingie.